Mkeka wa sare ya kriketi umenila laki na ishirini, kumbe hata udongo wa kiwanja una bei!

Wakuu salaam. Najua kuna watakaosema kriketi inatuhusu nini sisi watu wa Tabora, povu ruksa, ila nisomeni kwanza maana naandika nikiwa nimevurugwa na hela yenyewe ilikuwa ya kununulia vioo vya simu za wateja, siyo ya kuokota.

Iko hivi. Ligi zilikuwa zimesimama kupisha timu za taifa, mikeka ya mpira hakuna, nikahamia kriketi. Pale kijiweni kwetu Isevya kuna imani kwamba kriketi haina magumashi, jamaa wanavaa nyeupe, wanasimamisha mechi wanakwenda kunywa chai, sasa mtu anayesimamisha mechi akanywe chai atakuwa mpiga dili kweli? Ndivyo tulivyokuwa tunadanganyana. Nikachagua mechi ya siku tano, ile wanaita Tesiti, nikaona sare ina odi nzuri, na sare yao ni siku tano kuisha mechi haijamalizika, nikasema siku tano ni nyingi, mvua itanyesha, watachoka, itaisha sare tu, nikaweka laki na ishirini peke yake bila kuchanganya na timu nyingine. Mechi siitaji, mtaona kwa nini.

Siku ya kwanza asubuhi hata ova kumi (ova moja ni mipira sita) hazijaisha, mpira ukitua chini vumbi linaruka, vumbi kabisa, utadhani pikipiki imepita njia ya Kipalapala mwezi wa tisa, mpira unadunda hapa unakata kona kule, mpigaji anabaki anaukodolea macho. Mimi sijui chochote nikawa nafurahia tu wanavyotolewa. Siku ya tatu kabla ya hiyo chai yao watu wameshapeana mikono wanarudi hotelini. Sare imekufa, laki na ishirini imekwenda.

Nikampelekea malalamiko mzee mmoja mstaafu wa reli hapa mtaani, yeye anasema enzi zake kulikuwa na wafanyakazi wenzao wenye asili ya Asia walikuwa wanacheza kriketi Jumapili na yeye akawa anawaokotea mipira mpaka akajifunza. Akacheka sana. Akaniuliza, "Mwanangu, bibi yako alikuwa anapigaje sakafu?" Nikamwambia anachukua udongo wa kichuguu, anaumwagia maji, anaushindilia na ubao, halafu anauacha ukauke polepole kivulini maana ukikaushwa na jua kwa haraka unapasuka nyufa za kuingia kidole. Akasema basi pichi ni sakafu ya bibi yako. Ni kipande cha udongo wa kushikana, urefu yadi 22, yaani mita 20 na kidogo, upana mita 3 hivi, na mechi nzima inachezwa pale. Ukikibania maji na ukakinyima rola, kinapasuka mapema na warushaji wa kuzungusha mpira wanashiba. Ukikiachia unyevu na majani mabichi, warushaji wanaokuja na mbio wanafaidi. Ukikishindilia kikawa kigumu kama lami, wapigaji wanajilia rani, yaani pointi, siku tatu na sare inanukia.

Sasa nieleweni hapo. Mwenye mpira wa maji na rola anajua kama sare ipo au haipo wiki nzima kabla mimi sijafungua simu yangu.

Kuandaa kiwanja kimpendelee mwenyeji silalamiki, hata sisi kwenye ndondo tumeshawahi kumwaga madumu ya maji usiku upande anaokimbilia winga wao hatari, hayo ni mambo ya nyumbani na kila mtu anayajua. Kinachonichefua ni pale mtu wa kamari anapopigiwa simu akaambiwa udongo utakuwaje, au yeye mwenyewe anaagiza uweje kama anaagiza chipsi.

Na msidhani natunga. Oktoba 2017 kule Pune, India, waandishi walijifanya watu wa kamari wakamrekodi mtunza uwanja akizungumza nao kuhusu pichi ya mechi ya India na New Zealand. Akasimamishwa siku ileile ya mechi. Halafu mnajua nini kilifuata? Mechi ikachezwa, palepale, juu ya udongo uleule! Mwisho wa siku akaonekana kosa lake ni kutoripoti kwamba amefuatwa, miezi sita, kwaheri.

Mwaka uliofuata, Mei 2018, Al Jazeera wakatoa filamu yao ya kamera za siri kuhusu uwanja wa Galle, Sri Lanka, watu wanaongea mbele ya kamera kwamba pichi inaweza kutengenezwa ya spina (hao warushaji wa kuzungusha) au ya wapigaji kadiri unavyotaka, wakaitaja mpaka mechi ya Australia ya 2016, ile iliyoisha siku ya tatu. ICC, baraza la kriketi la dunia, wakachunguza, wakachunguza, 2021 wakasema ushahidi wa kuaminika hautoshi kumshtaki mtu yeyote kati ya watano waliochunguzwa, faili likafungwa. Sawa, labda kweli haukutosha, mimi siyo hakimu, na ndiyo maana mechi yangu siitaji kwa sababu sina ushahidi hata chembe kwamba ilipikwa. Lakini miaka mitatu halafu jibu ni hilo tu? Mlinzi wa getini pale sokoni anafukuzwa kazi kwa kiroba kimoja cha mchele.

Iliyoniuma zaidi ni ya Hansie Cronje kwa sababu inafanana na msiba wangu. Januari 2000, uwanja wa Centurion, mechi ya Afrika Kusini na Uingereza, mvua imekula siku tatu nzima, sare imeshaiva, kilichobaki ni kuipakua tu. Cronje, kapteni wa Afrika Kusini, akaja na wazo kwamba kila timu iachie awamu moja bila kupiga ili mshindi apatikane, dunia ikampigia makofi, eti muungwana, anapenda mchezo. Kumbe kuna mtu wa kamari aliyetaka mechi isiishe sare, na Cronje akapokea randi zaidi ya 50,000 na jaketi la ngozi. Jaketi! Waliokuwa na mkeka wa sare siku ile walichaniwa kwa jaketi la ngozi. Mwaka huohuo mengine yake yakafumuka baada ya polisi wa Delhi kunasa simu zake, akafungiwa maisha.

Wale Wapakistani watatu wa Lord's 2010, warushaji wawili waliovuka mstari kwa makusudi kwa ajili ya hela ya kamari na kapteni wao, wote wakafungwa jela, sitawamaliza, hiyo wengi mnaijua. Na kabla hamjasema hayo ni ya Wazungu na Waasia, Maurice Odumbe wa hapo Kenya, aliyekuwa kwenye kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, mwaka uliofuata alifungiwa miaka mitano kwa kupokea hela za mtu wa kamari. Jirani kabisa huyo. Na vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe lao la Dunia la 2026, kwa hiyo hao watu wa majaketi tutawaona Dar muda si mrefu, kama hawajafika.

Sasa kampuni niliyobetia, nayo siitaji ila ina rangi za kuwaka na tangazo lake linakatiza kila wimbo redioni. Siku ya kwanza jioni nilipoona vumbi limezidi nikataka kutoa hela yangu nusu shari. Kitufe kimepauka. Nabonyeza, hakibonyezeki. Kwenye mpira wa miguu kinafanya kazi mpaka dakika ya 88, kwenye kriketi kimekufa mapema hivyo, yaani wao walishaliona lile vumbi kabla yangu? Nimeandika kwa huduma kwa wateja nikaeleza yote, mpaka ya kichuguu nikaweka.

Leo siku ya kumi na mbili. Jibu nililonalo ni "ndugu mteja, ombi lako linashughulikiwa", na chini yake wameniwekea bonasi ya shilingi 500 nibetie kriketi.