Majirani Ipagala Juu (biashara hapana)

JUMATANO

Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Jana tena muziki wa baa mpaka saa tisa usiku, vioo vya dirisha vinatetemeka. Barua ya serikali ya mtaa nakala NEMC, wale wa mazingira, nimeshaandika, Jumamosi saa nne tukutane kwangu tusaini. Anayekuja aandike jina
1. Mama Neema

Mama Neema: Jamani naona tiki za bluu

Baba Kelvin: Yule MC usiku kucha anapiga meki samu noizi meki samu noizi, watu wanatii. Tunawashtaki kwa utii? 😂

Fundi Juma: 😂😂😂

Mama Neema: Baba Kelvin niko siriaz

Mwl Sospeter: Hiyo noise, yaani kelele, mnayoicheka Waingereza waliichukua kwa Wafaransa, na inasemekana mzizi wake ni nausea ya Kilatini, kichefuchefu cha melini. Zamani ilikuwa pia ugomvi na zogo, hata umbea ukitembea wana namna ya kuusema kwa neno hilohilo

Baba Kelvin: Meli Dodoma hii? Labda mtumbwi wa bwawa la Hombolo

Mama Zuhura: Basi noizi kubwa iko humu grupuni

Mama Neema: MAJINA JAMANI

Fundi Juma: Ngojeni niwaambie, mbona mchana muziki uleule haufiki huku? Usiku ardhi ikipoa hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, sauti iliyokuwa inapotelea angani inapinda inarudi chini kwetu, na besi ndio kabisa ukuta haiogopi. Wageuze spika ziangalie barabarani wapunguze na besi, tutalala

Mama Neema: Fundi si wewe uliyezifunga hizo spika?

Fundi Juma: Kazi ni kazi mama. Mimi nilifunga mbili, nyingine wameongeza wenyewe na hela yangu hawajamaliza

Kelvin: Nilipima na simu dirishani saa saba usiku ikasoma desibeli 68

Mwl Sospeter: Kelvin simu sio kipimo, watakuruka. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zipo, usiku kiwango kinashuka kuliko mchana, waje wapime wao. Na desibeli 10 zikiongezeka sikio linaona kama sauti imekuwa mara mbili, msione ni kanamba kadogo

Mama Neema: Asante mwalimu hilo naliingiza kwenye barua. Bado niko peke yangu kwenye listi

Mama Zuhura: Mtoto wangu halali ni kweli ila kusaini naogopa, pale mlangoni kwao ndio nauza chapati. Na yale ya tanki tulisaini wote akaja kuitwa mmoja

Mama Neema: Ya tanki tulishayamaliza

Mama Zuhura: Mliyamaliza nyie

Mzee Ndahani: Nimesomewa na mjukuu. Hapa nimekaa kabla ya barabara. Mama zetu walipiga ngoma ya muheme mpaka kunakucha, lakini tuliarifiwa mapema, mwenye mgonjwa alijua ampeleke wapi. Huyu wa baa hajaja hata kunisalimia, kosa lake linaanzia hapo. Barua isitoke kabla hajaitwa akakaa na sisi. Na wewe Mama Neema, kipaimara cha binti yako spika ziliegeshwa kwenye ukuta wangu bibi yenu yuko ndani mgonjwa. Sikuandika barua.

Mama Neema: Shikamoo mzee. Tumekusikia

Baba Kelvin: Shikamoo babu

Mwl Sospeter: Mzee ameshasema. Nani anamwita?

Fundi Juma: Msinitume mimi, nitaonekana nadai

Mama Neema: Basi Jumamosi iko palepale saa nne ila kwa mzee. Barua nakuja nayo, itakaa kwenye mkoba tu. Baba Kelvin mpigie mwenye baa

Baba Kelvin: Jumamosi nina shamba Chamwino

Mama Neema: Kupiga simu kunataka shamba?

ALHAMISI

Baba Kelvin: Nimempigia jana saa nne usiku, halo halo, hanisikii

Mama Neema: Mpigie mchana wewe!! Na wengine mbona kimya

Mama Zuhura: Kwa mzee kuna chai au kila mtu anywe kwake?