Usukani wa Corolla 110 umekuwa mzito, mafuta ya usukani yanapungua lakini chini pakavu

Mwanagati
Wakuu, heshima kwenu. Usukani wa Toyota Corolla 110 yangu umekuwa mzito, hasa ninapoegesha, ila nikikanyaga mafuta kidogo unalainika. Nikikata mpaka mwisho, pampu inalia. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba mafuta ya pawa stelingi (mfumo wa kulainisha usukani) yanapungua kwenye kikopo ilhali sakafu ninapolaza gari ni kavu kabisa. Fundi amenishauri ninunue pampu ya mtumba. Naomba mwongozo kabla sijatoa fedha.

Spana14
Ndugu, pampu isiguswe kwanza. Pima upepo wa tairi za mbele, kisha bonyeza mkanda wa pampu uone kama umelegea, kwa sababu mkanda unaoteleza huleta uzito huohuo injini inapozunguka polepole. Baada ya hapo fungua kikopo gari likiwa linawaka. Ukikuta povu, mfumo unavuta hewa, na mara nyingi hewa hiyo hupenya kwenye mpira mnene unaotoka kikopo kwenda pampu. Mpira huo hunyonya, hausukumi, ndiyo maana klipu yake ikilegea unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Mwisho, zima injini, inua tairi za mbele kwa jeki na uzungushe usukani kwa mkono. Ukikwama mahali, tatizo liko kwenye viungo au reki yenyewe (chuma chenye meno kinachokata tairi kulia na kushoto).

Bi_Gereji
Nakubaliana na mwenzangu, lakini swali la mafuta yanakokwenda bado halijajibiwa, na hilo ndilo litakaloamua ununue nini. Kuna maficho mawili. La kwanza ni ile mipira yenye mikunjo kwenye ncha za reki: sili ya ndani (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) ikichoka, mafuta hujikusanya humo na chini pakabaki pakavu. La pili ni vali ndogo ya hewa iliyofungwa kwenye baadhi ya pampu za Toyota za miaka ya 1990, ambayo huiongezea injini hewa usukani unapokatwa ili isizime. Ikiharibika, mafuta hufyonzwa kupitia mpira mwembamba hadi kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), yakaungua na kutoka kama moshi mweupe. Kama pampu yako inayo, chomoa mpira huo uone ndani kama umelowa.

(Wenye IST au Vitz wasifuate haya, kwani usukani wa mengi ya magari hayo husaidiwa na mota ya umeme na hauna mafuta, wao waanzie kwenye betri na kusoma namba za hitilafu kwa mashine.)

Mwanagati
Nashukuru sana. Mpira mwembamba ni mkavu, ila ule wa reki upande wa kushoto, nilipoubonyeza, umejaa mafuta. Kwenye kikopo kuna povu.

Bi_Gereji
Basi sili ya reki ndiyo inayovujisha. Mafuta yakishuka, pampu inameza hewa, na hapo unapata mlio na uzito. Reki ikifunguliwa, fundi akague shafti yake, kwa sababu ikiwa na kutu au mikwaruzo itakata sili mpya mapema, na hapo ni bora kubadilisha reki nzima. Jaza mafuta ya Dexron II au III (aina ya mafuta ya gia za otomatiki), kamwe usitie ya breki, maana huharibu sili. Kutoa hewa, inua tairi za mbele na ukate usukani taratibu kulia na kushoto injini ikiwa imezimwa, huku ukiongeza mafuta, kabla ya kuwasha. Pampu uisikilize baada ya hapo.