Yadi za Dar mnarudisha kilomita nyuma, mkanda wa injini ukikatika njiani mnasema gari ikitoka getini hairudi

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyependa kusoma apite, ila kama una mpango wa kununua gari ya mtumba mwaka huu, kaa usome.

Kuna yadi hapa Dar imeniuzia Subaru Forester SH5 ya 2008. Dashibodi ilisoma kilomita 71,000. Gari hiyo hiyo iliondoka Japani ikiwa na 139,000 na ushee, na karatasi za kuthibitisha ninazo. Maana yake kuna mtu alikaa na laptop akafuta karibu kilomita elfu sabini huku akijua kabisa gari inakwenda kupakia watoto wa mtu. Jina la yadi siliandiki leo, kwa sababu shauri nalipeleka panapohusika na sitaki wapate pa kushika. Mchezo wenyewe ndio nauanika.

Nianze na wale wanaosema kilomita ni namba tu, wewe angalia hali ya gari. Huo ni wimbo wa wauzaji, wanunuzi tumeuzoea mpaka tunauimba wenyewe. Matunzo yote ya gari yanasimama juu ya ile namba. Oili ya gia boksi, plagi, kulanti, wota pampu, beringi za mkanda, vyote unavibadilisha kwa kuhesabu gari imetembea kiasi gani. Ukiichezea namba, umemnyima mwenye gari njia ya kujua kipi kimechoka na kipi bado.

Na kwenye Forester hii ndiyo haisameheki kabisa. SH5 zina injini ya EJ20, yenye mkanda wa taimingi. Forester zenye injini ya mnyororo, FB20, zilikuja baadaye, mwishoni mwa 2010. Mkanda wa EJ20 unabadilishwa kwenye kilomita laki moja. Kazi yake ni kuzifanya kamshafti ziende sambamba na krankishafti. Ukikatika gari iko kwenye mwendo, kamshafti zinasimama pale pale zilipo, valvu nyingine zimebaki wazi, na pistoni bado zinapanda. Nafasi ya kupishana hakuna. Pistoni inazigonga valvu na kuzikunja. Tena hii ni injini ya kulala, ina silindahedi mbili, moja kila upande, kwa hiyo hasara unaipata kulia na kushoto.

Swali la mkanda niliuliza kwa mdomo wangu kabla sijatoa hela. Kijana wa mauzo akajibu bila kupepesa macho: "Kaka, hii ina elfu sabini na moja tu, mkanda utaugusa ukifika laki." Fundi wangu, ambaye Subaru anazijua, akasema kwa umri wa gari tusingoje laki, tukaagiza mkanda na beringi zake. Kwa kilomita zile akaona hakuna presha, gari itembee taratibu, spea zikifika tunafunga. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa gari ya elfu sabini na moja. Angejua ni ya laki moja na arobaini, asingekubali itoke hata nje ya geti mpaka mkanda mpya ufungwe.

Mkanda ukakatika tukiwa tunaelekea Morogoro, hatujafika Mikese. Mama yangu yuko kiti cha nyuma na watoto wawili. Haikupiga kelele, haikutoa moshi. Injini ilizima, taa za dashibodi zikawaka zote, usukani ukawa mzito, na nyuma yangu kuna lori la mzigo linapiga honi. Injini ikizima, breki inakubakizia msaada wa kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu na unakanyaga kwa nguvu zako zote. Nikaielekeza pembeni mpaka kwenye changarawe ikasimama. Nilipojaribu kuwasha, starta ilizunguka mbio, nyepesi, bila ule uzito wa kompresheni unaousikia siku zote. Nikampigia fundi, nikamsikilizisha mlio. Akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Usiwashe tena. Tafuta gari ya kuvuta."

Mama yangu ana presha. Alikaa chini ya mwarobaini pembeni ya barabara kuu, jua la saa nane, kwa sababu kuna mtu alitaka gari yake ionekane ya milioni kadhaa zaidi. Hilo ndilo linalonifanya niandike, kuliko hata hela.

Gereji, fundi alipofungua kava za mbele, mkanda ulikuwa umekatika na mgongo wake wote una nyufa. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi hubandika stika kwenye chumba cha injini, wakaandika tarehe na kilomita. Hapa hapakuwa na stika ya namna hiyo. Akaanza kutoa vitu ili apate nafasi ya kushusha injini, na alipoinua boksi la kichujio cha hewa akakuta ubavuni kuna stika nyingine, ndogo, ya kubadilisha oili, imefunikwa na vumbi lililogandana na grisi. Akaifuta polepole kwa kitambaa. Kijapani hatusomi, lakini tarakimu ni zile zile tunazozijua: 30, kisha 9, na chini yake 121,400 km. Ile 30 ni mwaka wao wa Heisei 30, yaani 2018, na 9 ni mwezi. Sasa gari iliyokuwa na 121,400 Septemba 2018 imefikaje Dar miaka baadaye ikiwa na 71,000?

Stika nyingine ya oili huwekwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye yangu palikuwa na mstatili wa gundi tu. Waliibandua. Hii ya ndani hawakuiona.

Baada ya hapo tukaanza kuikagua gari kwa jicho lingine. Usukani ulikuwa umeshonewa kava nyeusi, nzuri, mpya, tukaichana. Ngozi ya chini imekwisha, inang'aa kama kipara pale mikono inaposhika, na upande wa kulia imechubuka. Raba ya pedali ya breki ni mpya kabisa, lakini ya pedali ya mafuta imelika mistari kwenye kona. Kiti cha dereva kilivalishwa kava. Chini yake ukingo wa upande wa mlango umebonyea na sponji imekufa. Gari ya kilomita elfu sabini haichoki hivyo. Na mtu aliyenunua raba mpya ya pedali moja alijua anaficha nini. Hili si suala la yadi kuletewa gari ikiwa imeshachezewa na wao wasijue. Mikono iliyorudisha namba na mikono iliyoshona kava ilikuwa inafanya kazi moja.

Tena wasituambie ni utaalamu mkubwa. Kwenye gari nyingi za miaka hiyo namba ya kilomita imehifadhiwa kwenye chipu ndogo ndani ya mita za dashibodi. Wanazifungua mita, wanaisoma chipu kwa kifaa, wanaandika namba wanayotaka, wanarudisha. Au wanachomeka kifaa kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, hata skrubu moja hawafungui. Wengine wanabadilisha mita zote kwa kutoa za gari iliyopata ajali. Ukimuuliza muuzaji utasikia mita zilikuwa mbovu zikarekebishwa. Sawa, zilirekebishwa, namba ya zamani iko wapi?

Nikaenda kwenye karatasi. Japani gari binafsi ikiwa mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita zinaandikwa. Gari ikifutwa usajili ili isafirishwe nje, inatolewa cheti, na kile cheti kina kilomita za ukaguzi. Hiyo ndiyo karatasi niliyoiomba yadi siku nanunua, wakaniambia nyaraka zote ziko kwa wakala wa forodha na mimi kinachonihusu ni kadi ya gari yenye jina langu. Safari hii nikamfuata wakala mwenyewe, akanipa nakala. Nikalipia pia nakala ya karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari ilipouzwa mnadani Japani, kwa kutumia namba ya chesisi. Zote mbili zinasema laki moja na thelathini na tisa elfu na ushee. Karatasi ya mnada inaipa gari daraja la ubora 3.5. Tangazo la yadi lilikuwa limeandika 4.5 kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo Wajapani wameuza gari ya 139,000 wakaiita ya 139,000. Uongo umezaliwa baada ya mnada. Nawaambia hivi kwa sababu kijana wa yadi jibu lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, hata sisi tumeletewa hivi hivi kutoka Japani." Nikamwekea karatasi mezani. Akaziangalia, akamwita bosi wake. Bosi akaja, hakuzigusa. Akasema, "Mzee, ulikuja na fundi wako, mkaikagua, mkairidhia. Hapa gari ikitoka getini hairudi, na kwenye mkataba umesaini kwamba umeinunua kama ilivyo."

Kama ilivyo! Ilivyo ndiyo ipi, wewe uliyeifanya ionekane sivyo ilivyo? Ningeambiwa ni ya laki moja na arobaini nikasaini, injini ikafa kesho yake, nisingefungua mdomo. Nimesaini gari ya elfu sabini na moja, na hiyo gari haipo duniani.

Na hili la "ulikuja na fundi wako" linanichefua mno. Fundi anakagua gari yadi kwa dakika ishirini, injini imeoshwa, haruhusiwi kufungua kava hata moja, muuzaji amesimama begani. Kava za mkanda wa EJ20 ziko mbele ya injini, nyuma ya rejeta. Nani atamruhusu azifungue pale? Fundi anafanya kazi kwa taarifa alizopewa. Ukimpa taarifa ya uongo halafu ukamtumia yeye kama ngao, hiyo ni dharau kwa fundi na kwa mteja.

Gharama sasa. Valvu zimekunjwa hedi zote mbili, na pistoni moja ina alama ya kugongwa. Kutengeneza hedi mbili, gasketi, valvu, mkanda na beringi, pamoja na kazi ya kushusha na kupandisha injini, inakaribia bei ya injini ya mtumba pale Ilala. Na injini ya mtumba nayo hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi. Gari ipo gereji, mimi napanda daladala, na mkopo niliochukua kuinunua unakatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Kuna watu watasema hii nchi hakuna sheria, tuliza moyo. Sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na hayo maelezo. Kilomita 71,000 ni maelezo, ziliandikwa kwenye tangazo, picha ya skrini ninayo. Wanachotegemea hawa watu ni kwamba ukipiga hesabu ya muda na nauli utachoka, utatengeneza gari yako kimya kimya, na Jumatatu atakuja mwingine.

Ninachotaka ni hiki. Yadi yoyote inayouza gari kutoka Japani impe mnunuzi nakala ya cheti cha kusafirishia na karatasi ya mnada kabla hajatoa senti. Karatasi hizo zipo, maana bila cheti kile gari isingetoka bandarini. Anayezificha anaficha sababu. Na gari inaposajiliwa mara ya kwanza hapa nchini, kilomita zilizo kwenye cheti ziandikwe kwenye rekodi za usajili ambazo mnunuzi yeyote anaweza kuziangalia. TRA, mamlaka ya mapato, wanaichukua karatasi hiyo hiyo wakati wa kukokotoa ushuru, wanaangalia mwaka wa gari ili walipishe uchakavu. Mstari wa kilomita uko kwenye ukurasa ule ule. Kuuingiza kwenye mfumo kunahitaji nini zaidi?

Mpaka hilo litokee, usikubali neno "nyaraka ziko kwa wakala". Chukua namba ya chesisi, lipia nakala ya karatasi ya mnada wewe mwenyewe, ni hela ndogo ukilinganisha na injini. Wakikunyima namba ya chesisi, ondoka. Kava ya usukani omba itolewe. Inua kava ya kiti. Linganisha raba za pedali. Piga tochi kwenye boksi la kichujio cha hewa, pembeni ya betri, nguzo za milango, chini ya boneti, tafuta stika na usome tarakimu.

Wiki hii napeleka malalamiko rasmi Tume ya Ushindani nikiwa na cheti, karatasi ya mnada, tangazo, mkataba, na picha ya ile stika. Waliouziwa kwa mtindo huu, wekeni hapa aina ya gari, mwaka, kilomita mlizoambiwa na kilomita za kwenye karatasi. Nitaviambatanisha vyote kwenye malalamiko. Na kama wewe ni mwenye yadi na gari zako ni safi, weka karatasi za mnada za gari zilizopo yadi kwako sasa hivi, tuzione.