Tupeane uzoefu: Wiki ya kuzurura mabonde ya Alps na mwenzi wako kabla ya kuanza kutembea

Mjukuu wa Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana niliweka humu picha za Tour du Mont Blanc, ule mzunguko wa kutembea kwa miguu kuuzunguka mlima Mont Blanc, kilomita kama 170, unaopita Ufaransa, Italia na Uswisi. Maswali yote yalikuwa ya buti na uzito wa begi. Hakuna aliyeuliza tulifanya nini wiki nzima kabla ya kuanza.

Hiyo wiki mimi mwenyewe niliipinga. Niliona ni hela za kuchoma tu, maana Uswisi hata chai unalipa huku roho inauma. Mke wangu, Mdigo wa Tanga asiye na haraka na jambo lolote, akasema hawezi kushuka kwenye treni na kuanza kupanda mlima siku hiyo hiyo kama mtu anayefukuzwa. Basi tukaenda kwa mwendo wake.

Tulianzia Lauterbrunnen, huko huko Uswisi. Bonde jembamba, kuta za mawe huku na huku, maji yanadondoka kutoka juu. Poromoko la Staubbach peke yake ni karibu mita 300, na upepo ukivuma maji hayafiki chini, unapata manyunyu tu usoni. Siku 2 hatukupanda popote zaidi ya Mürren, kijiji kisicho na magari, tukakaa kwenye benchi kuutazama mlima Eiger. Mimi naangalia saa, mwenzangu anamenya chungwa.

Kilichonigeuza ni jimbo la Valais, huko Ayent juu ya mji wa Sion. Kuna mifereji ya kale inaitwa bisse, inaleta maji ya milimani kwenye mashamba. Inapita ubavuni mwa mlima, na penye jabali wametundika mifereji ya mbao, ukichungulia chini tumbo linakucheza. Bisse d'Ayent ndiyo imechorwa kwenye noti yao ya faranga 100. Sasa mimi nimekulia pembeni ya mfongo, mfereji wetu Wachaga wa kumwagilia. Babu alikuwa anaamka usiku kufungulia maji ya kihambani, shamba letu la nyumbani, ikifika zamu yetu, na akichelewa imekula kwake. Kijijini Botyre kuna makumbusho ya hii mifereji, na nikakuta habari ni zile zile: zamu, mlinzi, ugomvi wa maji. Wenzetu waliongeza ujanja mmoja. Maji yanazungusha gurudumu dogo, gurudumu linainua nyundo ya mbao, ngo, ngo, ngo, mchana na usiku. Nyundo ikinyamaza, mlinzi anajua maji yamekatika huko juu, anatoka kwenda kuangalia. Nilicheka peke yangu kama chizi. Babu angekuwa na ile nyundo angelala usingizi.

Tangu hapo sikuangalia saa tena. Tulizunguka siku 3 kwenye hiyo mifereji, njia karibu tambarare, na bila kujua tulikuwa tunazoeza miguu na buti. Malengelenge yangu yote yalitoka na kupona kabla ya safari yenyewe. Halafu treni kutoka Martigny, ile inayopanda kwa reli ya meno, mpaka Chamonix, Ufaransa. Chamonix ni watu tu. Tulilala, tukanunua mikate, tukaanzia Les Houches.

Leteni na za kwenu.

Bint Mkunazini
Kaka, sisi tunaishi Muscat, na Julai hapa hapakaliki. Mume wangu alitaka Zell am See, Austria, kwa sababu nusu ya Ghuba iko huko, hata menyu utaikuta ya Kiarabu. Tukakaa siku 5 ziwani, tunakula, tunalala, kisha ndiyo tukenda Ufaransa kutembea.

Nawausia Waislamu wenzangu mambo mawili. Moja, tartiflette, lile pishi la viazi na jibini, kwa kawaida hutiwa vipande vya nguruwe. Harufu yake nzuri, ulizeni kwanza. La pili ni Isha. Julai kule inaingia baada ya saa 5 usiku, na vibanda vya milimani taa huzimwa saa 4. Mnalala chumba kimoja watu 12, kila mtu anakoroma kwa lugha yake. Nikawa natoka na tochi, nasali ukumbini penye rafu za viatu. Usiku mmoja akatoka bibi mmoja wa Kifaransa kwenda msalani, kaniona nimesujudu gizani, karudi ndani mbio. Asubuhi kanipa jamu yake.

Omwana wa Shinyalu
Mimi naishi Torino, Italia, kwa hivyo mji wa Aosta ni jirani. Bibi yangu, yaani mke wangu, na mimi tulikuwa tunajitayarisha kwa Alta Via namba 1, ile njia ya kutembea milimani inayoishia Courmayeur. Tukaingia Aosta tuone tao la Augustus la Warumi, tukae siku moja. Tulikaa nne, na sababu ni ng'ombe.

Wana mashindano ya ng'ombe kupigana. Kwetu Kakamega ni madume, ngoma ya isukuti inalia, watu wanakimbia huku na huku. Hawa ni majike, tena wenye mimba! Wanasukumana pembe kwa pembe mpaka mmoja anageuka na kuondoka, basi, imeisha. Mshindi anaitwa malkia. Wazee wamekaa wanabishana kuhusu ukoo wa ng'ombe fulani hadi kwa nyanya yake. Nilihisi niko nyumbani, ila hakuna mtu aliyekimbia.

Chakula: polenta ni ugali wa manjano, laini, umekorogwa na jibini ya fontina. Bibi yangu alionja akasema haujaiva.

Kaza Moyo
Yaani mtu unalipa nauli ya ndege ukatembee kwa miguu? Mimi nilikuwa natembea kilomita 9 kwenda shule na hakuna aliyenipiga picha.

Dada Iringa
@Kaza Moyo 😂 @Mjukuu, visa mnaomba ngapi kwa nchi tatu? Na mlimaliza mzunguko wote?

Mjukuu wa Kibosho
Visa ni moja ya Schengen, dada, Uswisi imo. Unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo hesabu na hizo siku za kuzurura. Usisahau bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Vitanda vya vibandani weka miezi mingi kabla, vingi hufunguliwa katikati ya Juni na kufungwa Septemba.

Kumaliza tulimaliza. Ila kutoka La Fouly tulipanda basi hadi Orsières, na jingine hadi Champex. Magoti yalikuwa yangu, si yake. Alilipa nauli za wawili, akakaa dirishani, hakusema neno. Ndiyo maana siku hiyo haimo kwenye zile picha.