Naomba ushauri: kipindi cha michezo katika shule yenye wanafunzi wa imani mbalimbali, Moshi mjini

Mwalimu wa Uwanjani

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha michezo katika sekondari ya mchanganyiko hapa Moshi mjini, baada ya kuhamishwa mwaka huu kutoka Kibosho, ambako karibu darasa zima lilikuwa la Wakatoliki na suala la mavazi ya michezo halikuwahi kuzuka. Huku sare ni fulana na bukta kwa wote, na wasichana kadhaa wa Kiislamu hukaa chini ya mti kipindi chote wakiwa wameandikwa kuwa wanaumwa, jambo ambalo hakuna anayeliamini, hata wao wenyewe. Mwenzangu mmoja ofisini anasema sare ni sare. Mwingine anasema niwaache, nisije nikajitafutia maneno na wazazi. Sioni kama kuna kufundisha katika njia yoyote kati ya hizo mbili.

Jambo la pili ni kwamba Kidato cha Pili wana michezo saa 7:30 mchana, na Ramadhani kwa miaka hii inaangukia Februari na Machi, wakati jua la Moshi halina huruma. Waliofunga niwapange vipi? Mimi ni Mlutheri wa Machame, kwa hiyo ningependa hasa kuwasikia wazazi Waislamu.

Mama wa Njoro

Mwalimu, ahsante kwa kuuliza kabla ya kuamua. Binti yangu ana miaka 15 na anapenda netiboli kuliko hesabu (hilo tutalizungumza siku nyingine). Anachohitaji ni suruali ya trakisuti, fulana ya mikono mirefu, na ushungi wa kitambaa kinachovutika, unaovaliwa kwa kupitishwa kichwani bila pini, ambao fundi cherehani yeyote anaweza kuushona. Pini zikatazeni kabisa, kwa sababu mpira ukimpiga mtoto kichwani zitamchoma, na sababu hiyo kila mzazi ataielewa. Ila ruhusa ya suruali msiwape Waislamu peke yao. Tangazeni kwamba msichana yeyote anaweza kuchagua, nanyi mtaona Walokole watakavyoshukuru.

Kuhusu Ramadhani, tafadhali usisimame mbele ya darasa ukasema waliofunga wanyooshe mikono. Msichana aliye katika hedhi hafungi, siku hizo huja kuzilipa baadaye, na hata nyumbani hatumuulizi. Ukimhesabu mbele ya wavulana, ama atadanganya, ama darasa zima litajua asilotaka lijulikane. Weka kazi nzito na kazi nyepesi, kila mmoja achague bila kutaja sababu, na ukimwona anakunywa maji nyuma ya darasa, pita kama hukuona.

Refa wa Bomambuzi

Kuhusu ushungi hakuna tena mjadala: soka iliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Katika soka sharti ni kwamba kitambaa kiwe cheusi au cha rangi ya jezi, kisishonewe kwenye jezi, wala kisiwe na kitu cha kumdhuru mchezaji. Mwonyeshe mkuu wa shule kanuni hiyo.

Nisichokubaliana nacho ni kuchagua kazi nyepesi bila masharti. Nawafahamu vijana wa kiume ambao hawajafunga hata nusu siku, lakini mwezi ukiandama wanachoka kuliko wenye swaumu. Na msichana anayekabidhiwa saa ya kupimia muda akiwa Kidato cha Kwanza ataishika mpaka Kidato cha Nne. Kwa hiyo kazi nyepesi nayo ipewe alama: kulenga pete, kupasi mkiwa mmesimama, kuchezesha mchezo kwa filimbi. Muhimu zaidi, omba ratiba ibadilishwe ili kipindi kiwe cha kwanza asubuhi, kwa kuwa aliyekula daku bado ana maji mwilini saa hiyo.

Mpare wa Same

Msitusahau Wasabato, ambao Upareni tupo tangu 1903. Mwanangu anaruka juu vizuri, lakini mchujo wa timu hufanyika Jumamosi, kwa hiyo kila mwaka jina lake halimo, na anaambiwa kwamba alikosa kwa hiari yake. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama. Siku nyingine zote mtoto ni wenu.

Mwalimu wa Uwanjani

Nawashukuru sana. Ijumaa alasiri, baada ya swala na kabla ya magharibi, ingefaa kwa mchujo?

Mpare wa Same

Inawezekana, ingawa kwetu Ijumaa ni siku ya maandalio na mtoto atakuwa akiangalia jua badala ya mti wa kuruka. Alhamisi haina mgogoro na mtu.

Mwalimu wa Uwanjani

Basi nitaomba Alhamisi, pamoja na kipindi cha asubuhi. La mwisho kwa Mama wa Njoro: ninapomrekebisha mwanafunzi mkao wa kuanzia mbio, nimezoea kumshika bega na mgongo. Kwa wasichana nifanyeje?

Mama wa Njoro

Onyesha kwa mwili wako mwenyewe, kisha nahodha wa wasichana amrekebishe mwenzake. Na hilo usilifanye kwa Waislamu tu, mwalimu. Mabinti wa dini zote hawapendi kushikwa, ila wengi hawasemi.