Ushauri: uwanja wa mbele ya nyumba, Isyesye Mbeya. Tuanzie wapi kabla ya mvua?

MamaTumaini
Wakuu habari zenu. Mimi na mume wangu tumehamia kwetu mwezi wa tano, huku Isyesye. Ndiyo nyumba yetu ya kwanza, tumeijenga kwa kudunduliza miaka sita. Ndani tunamshukuru Mungu, ila mbele pamebaki kama mafundi walivyopaacha: vifusi, vipande vya tofali, misumari na udongo mtupu kutoka getini hadi barazani. Kiwanja kinashuka toka barabarani kuja nyumbani.

Mwezi wa saba tulipanda ukoka, tukamwagilia kila jioni. Asubuhi moja tukaamka umekuwa mweupe kwa sakitu (ule umande ulioganda), wiki iliyofuata wote kahawia. Niliumia sana. Na karibu na baraza hata magugu yanaota ya njano.

Sasa mume anataka tuweke pevingi kote tumalize. Mimi nataka kijani, maua, na mparachichi mmoja wa watoto. Tuna laki nane tu hadi Krismasi na mvua ndiyo hizo zinakuja Novemba. Naombeni ushauri, hela hii hatuwezi kuipoteza mara mbili.

FunditZege
Hongera dada, na pole. Kabla ya pevingi na kabla ya ukoka, maji yanaenda wapi? Kiwanja kikishuka kuja nyumbani, ukikisakafia chote maji ya barabarani yatateremka kwa kasi mpaka mlangoni, maana hakuna udongo wa kuyanywa. Nimeitwa kurekebisha nyumba za namna hiyo, ukuta umeshavimba rangi na unyevu uko ndani.

Kuanzia ukutani, ardhi ishuke walau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza, ikitoka kwenye nyumba. Pale mteremko wa barabarani unapokutana na mteremko huo, chimbeni mtaro wa kukatiza, uelekee pembeni na kutoka nje bila kumwagia jirani. Mawe yapo tele huku, pangeni wenyewe. Kazi ya kwanza ni uzi, vigingi viwili na pima maji. Na mjue mabomba na chemba vinapita wapi kabla hamjapiga sululu.

Kijana_Uyole
Mama Tumaini usiung'oe huo ukoka kwanza. Sakitu inaunguza majani, mara nyingi mizizi inabaki. Chukua kikonyo kimoja, kikwangue kwa ukucha. Ukikuta kijani ndani, kiko hai, mvua zikishika kitachipua. Kosa lilikuwa mwezi tu. Huku Juni na Julai si wakati wa kupanda nyasi, panda mvua za kwanza zikishalowanisha udongo.

BibiGangilonga
Mwanangu, nakuandikia toka Iringa, na kwetu ni mteremko vilevile. Hiyo njano karibu na baraza naijua. Chini pale kuna mabaki ya saruji na chokaa, mimea haipati chakula hata ukimwagilia vipi. Chimba futi moja, toa kila kipande, rudisha udongo mzuri na samadi iliyooza sawasawa. Ile mbichi inaunguza. Hapo hapo usiweke nyasi, weka maua. Haidranjea inapenda baridi yetu, na udongo ukiwa na asidi inatoa maua ya buluu.

Mparachichi sawa, ila mita 8 toka nyumbani na mbali na chemba, mahali pa juu. Hauvumilii maji kutuama, mizizi inaoza. Mimi nilipoteza miwili ya miaka minne kwa kuipanda bondeni, nikijua naipa unyevu.

Na mume wako usimpinge kwa yote. Njia ya gari ni haki yake, tope la masika mtalichoka.

FunditZege
Bibi kasema. Wekeni pevingi kwenye njia ya gari na ya miguu tu, kila mita ishuke sentimita 2 kuelekea mtaroni. Mtaro kwanza, pevingi hata mwakani.

MamaTumaini
Nimerudi. Leo asubuhi tumefunga uzi. Baba Tumaini akamwaga ndoo tatu getini na mimi nimesimama barazani. Maji yamekuja moja kwa moja, yamepinda kidogo penye rundo la vifusi, kisha yakajikusanya chini ya dirisha la chumba cha watoto. Hatukusema kitu, tuliangaliana tu. Pale ukutani kumbe kuna mstari wa tope wa zamani na sisi tulidhani ni rangi mbaya.

Mtaro tunaanza Jumamosi, mawe anatuletea shemeji. Ukoka nimekwangua vikonyo kumi, saba vina kijani. Mparachichi tumeuhamishia kwenye kona ya juu karibu na geti, nimepima kwa hatua.

Bibi, hiyo haidranjea inapandwa kwa kikonyo au niinunue kwenye kiriba?

BibiGangilonga
Kikonyo mwanangu. Ukubwa wa kalamu, macho mawili chini ya udongo, kivulini. Omba kwa jirani yeyote mwenye nayo, usinunue.

MamaTumaini
Ndaga fijo, asanteni sana wote.