Tairi kubwa, difu ya nguvu, gia hazitulii: kazi ya gereji inaishia wapi?

Wakuu, habari za jioni.

Nina swali nataka tulijadili bila kutukanana. Ukipeleka gari gereji ikafungwa difu nyingine (zile gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) kwa ajili ya tairi kubwa, kazi imekwisha gari inapotoka getini? Au gereji ina wajibu wa kukukabidhi gari ambayo spidomita yake na gia zake vinaendana na walichokifunga? Na je, iwe lazima kisheria, au tubaki na utaratibu wetu wa "tumeelewana, bosi"?

Kisa changu ni hiki. Nina Prado 120 ya dizeli, otomatiki ya gia tano. Ilikuja na tairi 265/65R17. Nikavaa 285/70R17, kwa sababu ya barabara ya kwetu masika na, tuseme ukweli, kwa sababu ya muonekano. Piga hesabu: kipenyo kimetoka milimita 776 kimefika 831, ongezeko la asilimia 7. Ukiitazama tairi unaona kidogo, ila injini inaijua. Kupanda zile kona za kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, gia ikawa haitulii: inaingia ya tano, inazidiwa, inarudi ya nne, inajaribu tena ya tano. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda unashuka, abiria wananiangalia mimi.

Nikaenda gereji, wakasema dawa ni difu. Yangu ilikuwa 3.909, yaani krauni meno 43, pinioni 11: shafti inazunguka mara 3.909 ili tairi izunguke mara moja. Wakanifungia 4.88, meno 39 kwa 8, mbele na nyuma. "Weka hii utasahau mlima." Mlima nimeusahau kweli. Lakini mjini sasa ni kero: nikiondoka kwenye mataa, ya kwanza inaisha kabla sijavuka makutano, ya pili na ya tatu zinaingia haraka haraka kama zinakimbizwa. Nikiwa kwenye lami ya Makuyuni injini inaunguruma kuliko zamani. Nikarudi kuuliza, nikajibiwa "endesha tu, kompyuta itajifunza." Miezi minne sasa haijajifunza.

Msimamo wangu: fundi akibadilisha namba ambayo kiwanda kilipanga gari yote juu yake, amalize. Asahihishe spidomita, apange gia, aandike. Asipofanya hivyo, iwe kosa kama kufunga breki nusu.

*Fundi, Moshi*

Kaka, pole, ila umechanganya mambo mawili na hapo ndipo mafundi wengi pia wanapopotea. Tuulize kwanza: spidi inasomwa wapi?

Kwenye Prado hiyo spidomita inapata taarifa kutoka kwenye sensa za ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), kule kwenye magurudumu. Kwa hiyo difu yako, iwe 3.909 au 4.88, haigusi dashibodi hata kidogo. Kilichoiharibu dashibodi ni tairi. Giaboksi nayo ina sensa yake kwenye shafti inayotoka nyuma, na kupanda kwa gia kunafuata mzunguko wa shafti hiyo na mguu wako kwenye mafuta. Hapo difu inahusika sana.

Sasa fanya hesabu yako vizuri. Umeongeza asilimia 7 kwenye tairi, ukaongeza karibu asilimia 25 kwenye difu. Ukilinganisha na kiwandani, shafti sasa inazunguka zaidi kwa asilimia 16 hadi 17 kwa mwendo uleule wa barabarani. Gari iliyokuwa inaingia ya tatu ukiwa 40 sasa inaingia ukiwa 34. Giaboksi yako haiumwi, inafuata ramani ileile iliyopewa kiwandani. Kompyuta inajifunza namna ya kubana klachi zake za ndani ili gia ziingie laini. Haijifunzi kwamba umebadilisha difu.

Angalia na mizunguko. Gia ya tano ya giaboksi hiyo ni 0.716. Ukiwa 100 kamili, kwa tairi na difu za kiwandani injini inazunguka kama 1,910 kwa dakika. Ulipovaa tairi kubwa ikashuka 1,790, ndiyo maana ikawa haitulii mlimani. Kwa 4.88 uko 2,230. Ungefungiwa 4.30, meno 43 kwa 10, ungekuwa 1,970, karibu palepale pa zamani, na gia zingepanda karibu kama ulivyozizoea. 4.88 mwachie mwenye tairi za inchi 35.

Kwa hiyo kosa la gereji lipo, ila si la kompyuta. Walikuuzia difu waliyokuwa nayo.

*Dereva wa watalii, Karatu*

Mkuu wa Moshi amesema vizuri ila msisahau kushuka. Nyie mnaongea kupanda tu. Mimi nashusha watu Kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto, ile ya kushukia tu. Landcruiser ya manyuali, lo renji (zile gia nzito za 4WD), gia ya kwanza, mguu mbali na breki. Ukivaa tairi kubwa na difu ileile, gari inashuka kwa mbio zaidi kwa mzunguko uleule wa injini, unaanza kukanyaga breki, na ukifika chini magurudumu yananuka. Hiyo difu ya nguvu mnayoiita kero ya mjini, mteremkoni ni breki ya pili.

Mambo ya sheria sijui. Najua tu bosi akivisha gari tairi bila kugusa difu, anayeshuka nayo si yeye.

*Mchangiaji, Nairobi*

Mimi napinga sheria kabisa. Huku kwetu kila kanuni mpya ya magari huanza kwa jina la usalama na kuishia kuwa risiti nyingine ya kulipia. Mkaguzi gani atafungua difu ahesabu meno? Atatazama tairi kwa macho, aseme "hii imezidi", halafu mzungumze kando.

Na hilo la spidomita mnalikuza. Kanuni za Umoja wa Mataifa ambazo watengenezaji wanazifuata zinakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, lakini zinairuhusu kusoma juu. Ndiyo maana gari nyingi zikitoka kiwandani zinaonyesha zaidi kidogo ya mwendo wa kweli. Ukiongeza asilimia 7 za tairi, sehemu inamezwa na ule uongo wa kiwandani. Mwenye gari ana simu yenye GPS. Apime, ajue, aendeshe. Mtu mzima habebwi mgongoni.

*Mwanzisha mada*

Ndugu wa Nairobi, nimepima kabla ya kukujibu. Dashibodi ikisoma 80, simu inasoma 83. Kwa hiyo kweli, si 7 yote. Hapo nimekubali.

Lakini soma kanuni yako mwenyewe: hairuhusiwi kusoma chini, na yangu inasoma chini. Mjini kibao ni 50, mimi naona 50, tochi ya askari ya kupima mwendo inaona karibu 52. Siku askari akiamua, elfu thelathini inanitoka huku naapa kwa dhati kwamba sikuzidisha. Na atakayeinunua gari hii hatajua kabisa.

Fundi wa Moshi, nakubali pia nilimtwisha kompyuta mzigo usio wake. Sasa swali: spidomita ya Prado inasahihishwaje?

*Fundi, Moshi*

Jeep Wrangler JK, kwa mfano, unachomeka mashine, unaingiza namba ya difu na kipimo cha tairi, na giaboksi na spidomita vyote vinapokea. Tena hiyo usipoiambia inasumbua kweli, gia zinaingia vibaya na taa zinawaka. Prado haina mlango huo. Unafunga kisanduku kidogo kwenye waya wa spidi, kinarekebisha mapigo kabla hayajafika kwenye dashibodi. Si kazi kubwa, ila watu hawaiulizii kwa hiyo hatuifanyi. Nasema "hatuifanyi", na mimi nimo.

*Mwenye gari, Dodoma*

Samahani nyote, mnabishania kilomita tatu za spidomita. Mimi nilinunua Prado mkononi mwa mtu. Baada ya muda difu ya mbele ikaanza kulia. Fundi akasoma kile kibati cha kiwandani chenye namba ya chesisi na msimbo wa ekseli, akaagiza difu kulingana nacho. Ikaja 3.909, ikafungwa vizuri kabisa, hakuna mlio. Hakuna aliyejua kwamba mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka 4.30 mbele na nyuma.

Nikatembea nayo wiki mbili. Ikawa inapata joto chini ya sakafu, nikadhani ni ekzosi. Siku nimefunga senta difu (ile ya katikati, inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti) kwenye kilima cha changarawe, ukatoka mlio mmoja tu, gari ikasimama. Transfa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, iliondoka yote. Mbele 3.909 na nyuma 4.30 zilikuwa zinavutana na mimi nimekaa katikati na watoto.

Sihitaji mkaguzi wa kufungua difu, kaka wa Nairobi. Nilihitaji mtu mmoja aandike namba moja mahali fulani.

*Mchangiaji, Nairobi*

Pole sana dada. Hilo la kuandika sipingi. Ekseli nyingi za kampuni ya Dana hutoka kiwandani na kibati kidogo kwenye bolti za kifuniko, chenye namba ya difu. Gereji ikibadilisha igonge kibati kipya, iandike kwenye risiti. Lakini serikali ikae mbali.

*Mwanzisha mada*

Na asipogonga, utamshika kwa kipi?

*Fundi, Moshi*

Mkiwa bado mnagombana, kila mwenye gari ya mkononi afanye hivi leo. Weka magogo kwenye tairi za mbele, inua ekseli ya nyuma yote kwa jeki, simamisha kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Gia N, transfa N, hendibreki chini. Chora chaki kwenye propela shafti (ile inayoingia kwenye difu) na kwenye tairi. Watu wawili wazungushe tairi zote mbili kwa pamoja mzunguko mmoja, wa tatu alale chini ahesabu. Chaki ikipita karibu mara nne, una 3.909. Mara nne na robo na kidogo, 4.30. Ikikaribia tano, 4.88. Kisha rudia mbele. Namba zisipolingana, gari isitoke hapo.

*Mwanzisha mada*

Nimefanya asubuhi hii na vijana wawili wa jirani. Nyuma, karibu tano. Mbele, karibu tano. Angalau hilo walilifanya sawasawa.

Nikaenda kutafuta risiti yao ili niandike namba pembeni, nibandike kwenye mlango. Nimeipata ndani ya dashibodi. Imeandikwa: "Difu na ufundi." Jumla yake chini, na sahihi isiyosomeka.